Mkojo Usiozuilika: Usafi, Swala na Sitara kwa Mwenye Udhuru Akiwa Kazini



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake wote.

Yako maswali ambayo watu huyauliza msikitini kwa sauti, na yako ambayo huyauliza kwa kunong'ona, baada ya wengine kuondoka. Swali la mtu mzima anayetokwa na mkojo bila kuweza kuuzuia ni la aina hii ya pili. Wengi hawaliulizi kabisa. Badala yake mtu huacha jamaa, kisha huacha kazi, kisha huanza kuacha swala kwa kudhani kwamba mwenye najisi isiyokatika hana swala. Haya ni makosa matatu, na kila moja lina dawa yake. Katika makala hii tunaeleza kwa ufupi maradhi yenyewe, namna ya kujisitiri na kujisafisha mtu akiwa kazini, hukumu za udhu na swala, na mahali pa kutafuta tiba. Tumewalenga hasa ndugu zetu wa Chole na visiwa vya jirani vya Mafia, ambako kazi ni za bahari, mbao, ukili na shamba, na vyoo haviko karibu kila mahali.

Tatizo hili ni nini

Waarabu huliita salasul bawl, na vitabu vyetu vya fiqhi vimelitaja kwa jina hilo. Madaktari hulitenga katika aina kadhaa, na ni vizuri mtu ajue yake ni ipi, kwa sababu tiba hutofautiana, na hukumu ya swala pia hutofautiana.

Aina ya kwanza ni ya mkojo kuponyoka mtu anapokohoa, kupiga chafya, kucheka au kunyanyua mzigo. Huwapata zaidi kina mama waliozaa mara nyingi, kwa kuwa misuli inayoshikilia kibofu kwa chini imelegea. Mama anayebeba gunia la mwani mbichi kutoka majini, au ndoo ya pweza kutoka mwambani, anaijua hali hii.

Aina ya pili ni ya haja kubana ghafla, mtu asiwahi chooni. Huweza kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, kiharusi, au kibofu chenyewe kuzoea kubana kabla hakijajaa.

Aina ya tatu huwapata zaidi wanaume wenye umri. Tezi dume hupanuka na kubana njia, kibofu hakimaliziki, na mkojo hudondoka kidogo kidogo. Mkondo huwa dhaifu, na usiku mtu huamka mara nyingi.

Aina ya nne ni fistula ya uzazi. Mama aliyekaa na uchungu muda mrefu bila msaada hupata tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, kwa sababu kichwa cha mtoto kimekandamiza nyama hadi zikafa. Mkojo humtoka mchana na usiku bila kukatika. Hii si laana, si kijicho, wala si alama ya uovu. Ni jeraha la uzazi kama yalivyo majeraha mengine, na hutibiwa.

Pia zipo dawa za presha zinazoongeza mkojo, na hata kufunga choo kikubwa kwa muda mrefu huweza kukibana kibofu. Anayetumia dawa hizo asiziache kwa uamuzi wake. Amuulize mganga kama saa ya kuzimeza inaweza kubadilishwa.

Kujisitiri kazini

Jambo la kwanza tunaloliusia ni kutoacha kunywa maji. Wengi hufanya hivyo kwa kudhani kwamba asiyekunywa hatavuja. Matokeo huwa kinyume. Mkojo mchache huwa mzito, hukiwasha kibofu kikazidi kubana, na harufu yake huwa kali zaidi. Fundi anayepigilia misumari juani kwenye jahazi asubuhi nzima bila maji anajitafutia madhara mengine. Anywe kidogo kidogo mchana kutwa. Cha kupunguza ni chai ya rangi na kahawa, kwani huchochea mkojo, na maji mengi ya mara moja saa chache kabla ya kulala.

La pili ni kwenda haja kwa saa, bila kungoja kubanwa. Mwalimu aende kabla ya kipindi cha kwanza na kila mapumziko. Msusi wa ukili, ambaye huweza kukaa mkekani tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuinuka, ainuke kila baada ya saa mbili. Anayekwenda mwambani maji yakitoka aende haja kabla ya kuondoka nyumbani, na anayevuka kwa mashua kwenda Utende afanye hivyo kabla ya kuteremka pwani. Mvuvi anayekaa baharini muda mrefu achukue chupa yenye mdomo mpana na kikoi cha kujifunika.

La tatu ni kinga ya nguo. Kwa anayevuja kidogo, pedi za kawaida za kike hutosha kwa muda mfupi. Kwa anayevuja sana zipo nepi za watu wazima, ambazo hupatikana katika maduka ya dawa ya mijini. Kwa kuwa bei yake ni nzito kwa matumizi ya kila siku, wengi hushona vitambaa vyao wenyewe: khanga kuukuu au fulana ya pamba, ikikunjwa mara kadhaa na kushonwa pembeni, hunyonya vizuri na hufulika. Mtu awe navyo vya kutosha siku mbili, ili vingine vikauke juani.

La nne ni mfuko mdogo wa kazini. Uwe na vitambaa viwili au vitatu vikavu, nguo ya ndani, chupa ya maji ya kutawadhia, sabuni, na mfuko wa kitambaa kizito au kopo lenye kifuniko la kuwekea kilicholowa. Mfuko huu ufanane na mifuko ya watu wengine wote. Nguo za rangi iliyokoza au zenye maua mengi huficha alama ya unyevu, na kanzu au buibui lililolegea husitiri zaidi ya suruali.

La tano ni harufu, ambayo ndiyo hofu kubwa ya wengi. Mkojo mpya haunuki sana. Unaonuka ni uliokaa kwenye nguo. Kwa hiyo dawa ya harufu ni kubadilisha mapema na kujiosha kwa maji, wala si kujipaka manukato juu ya nguo iliyolowa. Kitambaa kilichotumika kisuuzwe kwanza kwa maji matupu, kisha kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani.

La sita ni ngozi. Ngozi inayokaa na unyevu huchubuka, na maji ya chumvi huzidisha. Kina mama wanaosimama baharini kwenye mwani wajisuuze kwa maji baridi ya kisima wakitoka, wajikaushe kwa kugusisha kitambaa bila kusugua, kisha wapake mafuta ya mgando kidogo.

La saba ni taka. Nepi na pedi za dukani zina plastiki ndani na hazioi upesi. Bahari yetu iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia tangu mwaka 1995, na hata isingekuwa hivyo, kutupa najisi pwani ambako wengine hupita na watoto huogelea ni katika mambo yaliyokatazwa. Zisitupwe pia kwenye choo cha shimo, kwani hukijaza haraka. Zikunjwe, zifungwe kwenye karatasi, na zichomwe au zifukiwe mbali na kisima.

Mwisho katika mlango huu, mtu amwambie mmoja tu kazini anayemwamini: mwenzake, msimamizi, au mke wa mwalimu mkuu. Mmoja akijua, kutoka mara kwa mara hakuzui maswali. Kwa wale walioajiriwa hotelini au kwenye kampuni, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Basi asiache kazi kwa haya kabla hajatumia haki yake kutibiwa.

Udhu na swala ya mwenye udhuru

Msingi wa hukumu hii ni kisa cha Bibi Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alikuwa akitokwa na damu isiyokatika, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama aache swala. Mtume alimjulisha kuwa ile ilikuwa damu ya mshipa, wala si hedhi. Zikipita siku zake za hedhi, ajioshe damu na aswali. Katika mapokezi ya Bukhari imo pia amri ya kutawadha kwa kila swala. Wanachuoni wakamkisia juu yake kila mwenye hadathi isiyokatika, akiwemo mwenye kutokwa na mkojo.

Kwanza lazima ijulikane nani anaitwa mwenye udhuru. Ni yule ambaye katika wakati mzima wa swala hapati nafasi ya kutawadha na kuswali fardhi akiwa mkavu. Mzee anayedondokwa robo saa baada ya kukojoa, kisha ikakatika, si mwenye udhuru. Huyo angoje ikatike, astanji, atawadhe kama watu wengine. Na mama anayeponyokwa akikohoa tu, udhu wake ni wa kawaida: ukivunjika, anajisafisha na kuutia upya. Ikiwa mkojo humtoka mtu akisimama au kurukuu, na akiswali kwa kukaa hautoki, wanachuoni wa Kishafii wamesema aswali kwa kukaa, na swala yake ni sahihi bila ya kuirudia.

Ama ambaye haukatiki, kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika visiwa vyetu, atafanya hivi kwa utaratibu:

1. Angoje wakati wa swala uingie. Udhu alioutia kabla ya wakati haumtoshelezi kwa fardhi hiyo. Hapa wengi hukosea, hasa siku ya Ijumaa, wanapotawadha nyumbani mapema.
2. Astanji, aweke kitambaa au pedi safi, na aifunge vizuri.
3. Atawadhe mara tu baada ya kujifunga, viungo vifuatane bila kukatizwa. Anuie kuhalalishiwa swala, kwa kuwa hadathi yake haiondoki.
4. Aswali bila ya kuchelewa. Kuchelewa kwa ajili ya kuvaa, kujibu adhana, kwenda msikitini au kungojea jamaa hakumdhuru.
5. Kwa udhu huo ataswali fardhi moja na sunna kadiri apendavyo. Fardhi nyingine itahitaji kujisafisha, kujifunga na kutawadha upya.

Akiyafanya haya, kinachomtoka ndani ya swala hakimdhuru, na kidogo kinachopenya kwenye kitambaa baada ya kujihadhari kimesamehewa. Asikate swala wala asiirudie.

Madhehebu mengine yana wepesi zaidi. Kwa Hanafi, udhu wa mwenye udhuru hubaki hadi wakati wa swala utoke, naye huswali ndani yake fardhi na sunna anazotaka. Kwa Maliki, mkojo unaomtoka mtu sehemu kubwa ya wakati hauvunji udhu wake, bali kutawadha upya ni jambo lililopendekezwa. Kwa Hanbali, asiyezembea katika kujifunga hana haja ya kubadilisha kitambaa kila swala, na ameruhusiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Baadhi ya Mashafii, akiwemo Imam Nawawi, waliiona pia nguvu ya kauli ya kukusanya kwa maradhi. Basi aliye katika chombo baharini au kwenye zamu isiyompa nafasi, na akapata uzito wa kweli, ana pa kushika. Lakini amuulize shekhe wa kijiji chake, wala asilifanye jambo hilo kuwa mazoea siku alizo na nafasi.

Kuingia msikitini kunaruhusiwa iwapo amejifunga na hachelei kuuchafua. Mwalimu wa madrasa aliyetawadha kwa namna tuliyoieleza anaweza kushika msahafu. Ama uimamu, kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafii ni kuwa swala ya mzima nyuma ya mwenye udhuru inasihi, ingawa wapo wanachuoni wengine walioizuia. Na kwa upande wa saumu, mkojo hauifunguzi.

Baina ya tahadhari na wasiwasi

Wengi huogopeshwa na hadithi ya makaburi mawili, ambamo mmoja wa walioadhibiwa alikuwa hajihadhari na mkojo. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini inamhusu aliyeweza kujihadhari akazembea. Aliyejisafisha, akajifunga na akatawadha, ametimiza alichoamrishwa, na aya ya mwisho ya Suratul Baqara inatufundisha kuwa mtu habebeshwi mzigo unaozidi uwezo wake.

Kwa wanaume wanaohisi tone baada ya kukojoa, istibrai inawasaidia: kungoja kidogo, kukohoa, au kukamua taratibu kwa kidole kutoka nyuma ya pumbu kuja mbele, kisha kuosha. Madaktari nao hufundisha jambo hilo hilo. Akisha, anyunyizie maji kwenye nguo na asichunguze tena. Shaka haiondoi yakini, na anayejikagua kila rakaa anaifungulia mlango shetani.

Tumkumbuke pia Zayd bin Thabit (r.a.), mwandishi wa wahyi. Imepokewa kuwa alipozeeka alipatwa na maradhi haya haya, akawa anayatibu kadiri alivyoweza, na yalipomshinda akatawadha na kuswali.

Tiba ipo

Kwa kina mama wa aina ya kwanza, na hata wengi wa aina ya pili, mazoezi ya misuli ya chini husaidia sana. Mtu abane misuli ile ile ambayo angeibana kuzuia mkojo au upepo, ahesabu polepole hadi kumi au kadiri awezavyo, aachie, na arudie mara kumi. Afanye hivyo mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Mazoezi haya hufanyika hata mtu akiwa amekaa anasuka mkeka, na hakuna atakayejua. Ajizoeshe pia kuibana misuli hiyo kabla ya kukohoa au kunyanyua mzigo. Anayebanwa ghafla aanze kuchelewesha haja kwa dakika chache, akiongeza wiki hadi wiki.

Mazoezi hayatibu kila kitu. Aanzie kwenye zahanati, apimwe mkojo na sukari. Kichocho nacho, ambacho kinajulikana Unguja, Pemba na mwambao, hugunduliwa kwa kipimo cha mkojo na kina dawa. Ikihitajika, atapelekwa Hospitali ya Wilaya iliyoko Kilindoni.

Asingoje hata siku moja yule anayeona damu kwenye mkojo, mwenye homa na maumivu ya kiuno, aliyeshindwa kabisa kukojoa huku tumbo la chini limejaa, au aliyepata ghafla ganzi mapajani na udhaifu wa miguu.

Kwa mama mwenye fistula, hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani, Dar es Salaam, hutoa matibabu bila malipo. Tangu mwaka 2009 hospitali hiyo ilianza pia kutuma nauli kwa M-Pesa kwa wagonjwa wasio na uwezo wa kusafiri. Katika Afrika Mashariki tiba hii ina historia ndefu: Hospitali ya Fistula ya Addis Ababa ilifunguliwa mwaka 1974 na madaktari wawili, mume na mke, Reginald na Catherine Hamlin. Wanawake walioishi na jeraha hilo kwa miaka mingi hufanyiwa upasuaji na wakarudi kwao wakavu. Safari ya kutoka Chole hadi Utende, Kilindoni, kuvuka hadi Nyamisati na kuingia Dar es Salaam ni ndefu kwa anayevuja. Basi ndugu wamsindikize, wabebe vitambaa vya kutosha, na wamtandikie kitu kizito chini ya khanga aliyokalia.

Na kinga ni bora. Mjamzito asiachwe nyumbani na uchungu ukapita usiku mzima eti bahari ni chafu au mume hayupo. Chombo kipangwe mapema, kabla mwezi wa tisa haujaingia.

Neno kwa familia

Mume asimwache mke kwa jeraha alilolipata akimzalia mtoto. Watoto wasimcheke babu yao. Mzazi mzee anayehitaji kubadilishwa abadilishwe faraghani, amefunikwa sehemu isiyohitaji kufunuliwa, na mwanawe wa jinsia yake ikiwezekana. Suratul Israa imekataza hata neno dogo la kuwachoka wazazi, na hapa ndipo neno hilo humponyoka mtu.

Na wenzake kazini wakiona alama kwenye nguo yake, wamwambie kwa siri na wampe kikoi ajifunike. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa anayemsitiri Muislamu, Allah humsitiri duniani na akhera.

Tunamwomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira na ujira, na atusitiri sote.

Wallahu a'lam.